Baba Anapobaki Kumsimulia Bintiye

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kama mjuavyo, barua zangu za siku hizi zatoka Kachibora, katika kaunti ya Trans Nzoia, mbali na bahari na mbali na harufu ya karafuu. Huku ni nchi ya mahindi na baridi. Baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa bado limejificha nyuma ya milima ya Cherangani, huwa nasikia nyayo barabarani. Ni wasichana wafanyao mazoezi ya mbio. Hupita wawili wawili, watatu watatu, pumzi zao zikifuka kama mvuke wa chai, nao hawazungumzi. Nilipohamia hapa nilikuwa nikiwatazama kupitia dirishani na kujiuliza, mama zao wako wapi? Siku hizi nawatazama na kujiuliza jambo jingine. Wakimaliza mbio zao, je, warudi penye amani?

Swali hilo lilinijia mwezi wa Septemba mwaka 2024, na tangu hapo halijaniondoka.

Upande wa pili wa Kitale, katika nchi ya Endebess iliyo chini ya Mlima Elgon, palikuwa na mkimbiaji aitwaye Rebecca Cheptegei. Alikuwa Mganda, mwenye asili ya Bukwo, ng'ambo ya mpaka, naye alikuwa askari wa jeshi la Uganda. Mwaka 2022 alipata nishani ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani, kule Chiang Mai, nchini Tailandi. Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, kilomita 42 na ushei, akamaliza wa 44. Wazazi wake walieleza kwamba alinunua ardhi huku Trans Nzoia ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Aliinunua kwa jasho lake na akajenga nyumba. Alikuwa na umri wa miaka 33 na mabinti wawili.

Majuma matatu baada ya Paris, siku ya Jumapili tarehe 1 Septemba, alikuwa ametoka kanisani pamoja na watoto wake. Mwanamume aliyepata kuishi naye alimvizia nyumbani, akammwagia petroli na kumtia moto. Rebecca alipelekwa katika hospitali ya rufaa mjini Eldoret, akafariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5. Yule mwanamume naye aliungua, akafa siku chache baadaye. Kesi yake haikusikizwa na hakimu wa duniani. Iko kwa Hakimu asiyesahau.

Sikusudii kurudia mambo hayo kwa ajili ya kutisha. Kilichonishika ni baba yake. Aliwakabili waandishi wa habari hospitalini, mzee wa watu, akajaribu kumweleza mwanawe kwa wageni. Alisema jinsi binti huyo alivyokuwa msaada mkubwa kwa familia. Aliomba haki. Akaeleza pia kwamba binti yake alikwisha kwenda kwa wenye mamlaka kulalamika, tena zaidi ya mara moja, kabla ya siku ile. Nilimsikiliza nikaona jambo ambalo kila mzazi aliyezika mtoto analijua: baba huyu alikuwa na miaka 33 ya kusimulia, na dunia ilimpa dakika chache, mbele ya vipaza sauti, mlangoni pa hospitali.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hapana haja ya kuongeza.

Najua wako watakaouliza, mwandishi, kwa nini leo watuletea habari za mkimbiaji asiyekuwa wa dini yetu, aliyekuwa akikimbia mbele ya macho ya watu, aliyeishi na mwanamume ambaye hatujui alimwoa kwa utaratibu gani? Jibu langu la kwanza ni la ujirani. Wengi wetu twajua habari iliyosimuliwa katika Sahihi Bukhari, kwamba lilipita jeneza la Myahudi na Mtume (s.a.w.) akasimama. Alipoambiwa kwamba ni la Myahudi, aliwauliza wale waliomwambia kama hiyo nayo si nafsi. Basi na tusimame kidogo. Pia Mtume (s.a.w.) ametukataza kumwadhibu kiumbe kwa moto, kwa kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake. Aliyefanya vile alimdhulumu mwanamke, na tena alijitwalia kisichokuwa cha mja.

Jibu langu la pili ni la nyumbani kwangu, na hilo ni zito zaidi kuliandika.

Usiku ule wa Alhamisi nilimpigia simu binti yangu. Yeye yuko Mombasa, ana kazi yake na nyumba yake, na tangu utotoni hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara moja akalikubali. Alipomaliza shule alisema atasoma ufundi wa umeme. Nikamwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Akaenda kuisoma. Nikamwita mkaidi, tena mbele ya shangazi zake, na jina hilo likamganda. Katika kila harusi na kila maulidi, akiingia, yuko mtu wa kusema, "Haya, mkaidi wetu amefika." Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hapo ulipo una amani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, kwani leo kuna nini?"

"Hakuna. Nimetaka kujua tu."

"Miaka yote waniuliza kama nimeswali na kama nimekula. Hili hujapata kuniuliza."

Alhamdulillah, alikuwa na amani. Lakini moyo haukutulia, nikamwuliza tena, "Na kama ungekuwa huna, ungeniambia?"

Hapo hakujibu upesi. Nilisikia feni ya chumbani mwake ikizunguka. Mwisho akasema, kwa adabu yake yote, "Ningechelewa kukwambia, Mama. Ningeogopa ungesema kwamba ulinionya."

Wasomaji wangu, nimelea watoto wanne, na nimeandika safu hii ya malezi kwa miaka. Sijapata kusomeshwa kama nilivyosomeshwa na maneno hayo.

Tazameni jinsi tunavyoyatumia majina. Binti akiwa hai, twasema ana kichwa kigumu. Akifa, twasema alikuwa na msimamo. Akiwa hai, twasema hatulii nyumbani, mguu wake mwepesi kama wa mwewe. Akifa, twasema alikuwa mchapakazi, hakupenda kukaa bure. Akiwa hai husema mno, akifa alikuwa mkweli. Akiwa hai anajitia uanaume, akifa alikuwa nguzo ya nyumba, na sasa nani atawalipia wadogo zake karo? Sifa ni zile zile, mtu ni yule yule. Sisi ndio tuliongoja mpaka sanda ikakatwa ndipo tukambadilishia majina.

Na ubaya wa jina la kwanza si kwamba lamchoma tu. Jina hilo hufunga mlango. Binti aliyezoea kuitwa mkaidi hujua kwamba siku atakapopata taabu, taabu hiyo itahesabiwa kuwa malipo ya ukaidi wake. Basi huificha. Huvaa mikono mirefu zaidi, hupunguza kuja nyumbani, husema simu ilikuwa haina chaji. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mara nyingi si yeye aliyeanza kuyaficha. Sisi ndio tulimfundisha kuficha.

Kwa maelezo ya baba yake Rebecca, yeye hakuficha. Alisema kwa wenye mamlaka, na wazazi wake walijua kwamba kuna jambo. Kwa hiyo mzee yule hana lawama kwangu. Mlango wake haukuwa umefungwa. Lakini nikijiuliza ni mabinti wangapi wa kwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, wangeweza kusema kama alivyosema yeye, naona aibu kulijibu swali langu.

Tumtazame basi mzazi aliye kigezo chetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alijaaliwa mabinti wanne, Zaynab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Watatu wa kwanza walifariki yeye akiwa hai. Ruqayya alifariki mwaka wa 2 Hijria, wakati wa Badri, Zaynab mwaka wa 8, na Umm Kulthum mwaka wa 9. Fatima peke yake ndiye aliyebaki nyuma yake, naye alimfuata baada ya miezi michache. Kwa hiyo tukizungumza juu ya baba anayebaki kuwakumbuka mabinti zake, tunazungumza juu ya Mtume wetu mwenyewe. Anas bin Malik amesimulia kwamba alimwona ameketi kando ya kaburi la binti yake mmoja, macho yake yakitoka machozi. Hakuyaficha, wala hakuambiwa kwamba mwanamume halii.

Mimi huipenda zaidi habari ya Zaynab, mkubwa wao. Mume wake, Abul-As bin Rabi', alichelewa kusilimu, naye alitekwa Badri akiwa upande wa Makureshi. Zaynab alikuwa Makka. Alipeleka fidia ya mumewe, na ndani yake mlikuwa na kidani alichovishwa na mama yake, Bibi Khadija, siku ya harusi. Waandishi wa sira wanasema Mtume (s.a.w.) alipokiona kidani kile moyo wake ulilainika mno. Akawaomba masahaba, kama wataona vyema, wamwachilie mateka huyo na wamrudishie Zaynab mali yake. Wakakubali.

Miaka ikapita. Zaynab akawa Madina, na mumewe bado hajasilimu. Safari moja msafara wake ukapatikana na Waislamu, yeye akaponyoka, akaingia Madina usiku na kumwomba Zaynab hifadhi. Alfajiri, watu walipokuwa katika sala, Zaynab alipaza sauti kutoka safu ya wanawake, akatangaza kwamba amempa hifadhi Abul-As. Alisema mwenyewe, msikitini, mbele ya jamii nzima, bila kumtuma mtu.

Fikirini, akina baba, lau ingekuwa binti yako. Mtume (s.a.w.) alipotoa salamu aliwauliza watu kama nao wamesikia alichosikia yeye. Akaapa kwamba hakuwa na habari ya jambo hilo kabla ya hapo. Kisha akaithibitisha hifadhi ya binti yake, kwa kuwa hata aliye mdogo miongoni mwa Waislamu ana haki ya kutoa hifadhi. Hakumwita mkaidi. Hakusema amemwaibisha baba yake. Baadaye Abul-As alirudisha amana za watu Makka, akarejea Madina akiwa Mwislamu.

Zaynab alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanawake waliomwosha jinsi ya kumwosha, kisha akawapa shuka yake mwenyewe iwe nguo iliyogusa mwili wa binti yake ndani ya sanda. Na Umama, mtoto wa Zaynab, ndiye yule mjukuu ambaye babu yake alimbeba begani hata katika sala, akimweka chini akisujudu na kumbeba tena akisimama.

Hayo ndiyo malezi. Alikiheshimu kidani cha binti yake, akaiheshimu sauti yake mbele za watu, akamstiri kwa nguo yake mwenyewe, akambeba mwanawe. Kumbukumbu yake kwa Zaynab haikuanza siku ya mazishi. Ilikuwa inajengwa miaka yote.

Katika adabu ya mwambao wetu pia tuna mfano. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa katika maradhi, alitunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Wengi wetu tumelelewa na wasia huo, na wako wanaojadili siku hizi habari za mume na mke zilizomo ndani yake. Mimi leo nataka kusema jambo moja tu. Mama yule alipojua siku zake zimekaribia hakungoja watu wengine waje kumsemea. Alimketisha mwanawe karibu na kusema naye angali na pumzi. Sisi wenye afya, wenye simu mkononi, tunakosa nini?

Sasa niseme juu ya mali, kwa maana taarifa za utawala wa Endebess zilitaja mzozo juu ya ardhi ile aliyoijenga Rebecca. Sura ya An-Nisaa imetufundisha kwamba alichochuma mwanamke ni fungu lake, kama alichochuma mwanamume kilivyo fungu lake. Bibi Khadija alikuwa tajiri kwa biashara yake kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.). Basi binti anayechuma asionekane kuwa ni wa kuogopwa, wala mali yake isigeuzwe kuwa ya mume kwa sababu tu ameolewa. Wazazi, msaidieni binti yenu kuandika hati kwa jina lake. Nakala moja ya hati iwekwe mahali pa salama nje ya nyumba yake, kwa mama au kwa kaka anayeaminika. Nimewaona watu wakiona haya kufanya hivyo wakisema ni kuitakia ndoa mabaya. Mbona twaandika mahari na mashahidi wawili, na hatusemi ni kuitakia ndoa mabaya?

Wako pia watakaosema, lau binti yule angeolewa kwa walii na mashahidi, yasingemfika. Ndoa yenye walii ni kinga kubwa tuliyopewa, wala siidogoshi. Lakini kinga hiyo haifanyi kazi ikiwa walii amelala. Baba zetu wengi hudhani kazi yao ilikwisha siku walipotoa mkono na kusema nimekuoza. Oktoba 2021, kule Iten, mwanariadha Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, alikutwa ameuawa nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 25, naye alikuwa mke wa mtu. Wenzake wakaanzisha chama cha kuwalinda wanawake wakakiita Tirop's Angels. Jina la ndoa halimlindi mtu. Wanaomlinda ni watu waliosimama nyuma ya ndoa hiyo.

Na hapa sina budi kuligusa neno letu kipenzi, vumilia. Subira ni nusu ya imani, twasema, nasi twasema kweli. Subira ni ya maradhi, ya ufukara, ya mume aliyekosa kazi, ya mke aliyekawia kupata mtoto. Kumwambia binti avumilie kupigwa na kutishwa kuuawa ni kumsaidia dhalimu katika dhuluma yake, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia. Mke wa Thabit bin Qays alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema hawezi kukaa na mumewe, ingawa hakumtia ila katika dini wala tabia. Akaulizwa kama atarudisha shamba alilopewa mahari. Akasema ndiyo, akaachwa kwa wema. Ikiwa huyo alisikizwa, itakuwaje aliyevunjwa mkono?

Basi nawaachia mambo machache ya kufanya juma hili, wala si magumu.

La kwanza, mpigie simu binti yako, umwulize kama ana amani. Muulize akiwa peke yake. Akinyamaza, usijaze kimya hicho kwa mawaidha. Ngoja.

La pili, mwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba anaweza kurudi nyumbani saa yoyote, na kwamba hataulizwa nani alimwonya. Usidhani anajua. Wangu hakujua.

La tatu, likitokea la kutokea, usilimalize kwa kikao cha sebuleni peke yake. Kikao cha wazee kina baraka zake panapokuwa na ugomvi wa maneno. Penye vitisho vya kuua, sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu mtu aombe mahakamani amri ya kumzuia anayemtisha asimkaribie. Nambari ya simu 1195 ni ya kuomba msaada wa mambo haya. Masuala ya talaka na khului yana Mahakama ya Kadhi. Nenda pamoja naye. Mwanamke akienda peke yake huambiwa rudi kesho. Akienda na baba yake, na mjomba, na kaka wawili, kiti hutafutwa.

La nne, lihusulo sisi tunaokaa mitaani: ukisikia kelele kwa jirani, bisha hodi. Omba chumvi, omba kibiriti, omba chochote. Hodi moja imewahi kukatiza mambo makubwa.

Na kwenu mliokwisha kuzika. Najua wako wasomaji wa safu hii ambao simu yao haina tena wa kupokea upande wa pili. Sikuandika haya ili kuwatonesha. Mola amejua mlilolijua na msilolijua, wala hamkukadiria nyinyi. Mliyemzika muombeeni, mtoleeni sadaka, hata iwe kisima kidogo au mashafu machache ya msikiti wa kijijini. Na wanawe wakikuuliza, "Bibi, mama alikuwa mtu wa namna gani?" msiwape sanamu ya malaika. Waambieni kwamba alicheka kwa sauti kubwa, alikuwa habanduki katika neno lake, alichelewa kila mahali isipokuwa kazini, alitaka kuiona dunia na akaiona kiasi chake. Mtoto hujengwa na mama wa kweli. Wabebeni begani, kama alivyobebwa Umama.

Rebecca Cheptegei alizikwa Bukwo tarehe 14 Septemba 2024, kwa heshima za kijeshi. Meya wa jiji la Paris alitangaza kwamba mahali pa michezo mjini humo patapewa jina lake. Ni heshima kubwa, na wazazi wake wanastahili kuipata. Lakini sidhani yuko mzazi ambaye hangelibadili jina hilo la ukutani kwa sauti ya binti yake akibisha mlango jioni, viatu vya mbio mkononi, akiuliza chakula kiko wapi.

Nami nimeanza kwangu. Maulidi yaliyopita binti yangu alikuja. Shangazi mmoja alipofungua kinywa kusema, "Haya, mkaidi wetu," nilimtangulia. Nikasema, "Huyu ndiye fundi wetu wa umeme. Taa hizi zote mnazoziona, ametia yeye." Kila mtu alitazama juu. Binti yangu alinitazama mimi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walio karibu na walio mbali, awape amani katika nyumba wanazolala, na atupe sisi masikio ya kuwasikia wangali wanasema. Amin.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.